Skrubu Inayochagua Rangi: Kichujio cha Nuru Kimefika Runzewe

Aisee, nimegeuza skrubu robo ya mzunguko tu, leza ya kwanza imezama kwenye mita na ya pili imeibuka! Hakuna aliyechomoa waya. Hakuna aliyezima kitu. Leza zote mbili bado zinapita ndani ya uzi uleule wa kioo, bega kwa bega, ila kijisanduku hiki cha chuma kinachoenea kiganjani kimeamua kwamba sasa ni zamu ya ile nyingine. Nimeirudisha skrubu, ya kwanza imerudi. Nimegeuza tena. Nimegeuza tena na tena, hadi jirani wa duka la vocha akaja kuuliza kama nimeshinda mkeka.

Nimeshinda zaidi ya mkeka. Nimeshika kichujio cha nuru cha kugeuza kwa mkono, kile ambacho miaka yote nilikisoma kwenye vitabu vya faiba na kukiona kwenye picha za maabara za watu. Kimeingia mjini kikiwa kimetumika, ndani ya begi la rafiki yangu fundi wa faiba aliyepita akielekea mpakani. Kaniachia kwa sharti moja: nisikifungue. Nimeahidi. Skrubu nne za mfuniko zinanitazama na mimi nazitazama, lakini ahadi ni deni.

Hebu tuanze na kile kinachopita ndani ya ardhi tunayoikanyaga. Ukisimama njia panda ya Runzewe unaona malori ya Isaka na Kahama yakishuka kuelekea Nyakanazi, mengine yakikata kona kwenda Bwanga na Biharamulo. Mizigo ya Rwanda, mizigo ya Burundi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao una safari hizohizo: ulianza kujengwa mwaka 2009, awamu zake za mwanzo zikafikisha kilomita 7,560, unasimamiwa na TTCL, na unavuka kwenda Rwanda pale Rusumo na Burundi pale Kabanga. Kampuni za simu nazo zina faiba zao. Halotel walipofungua huduma mwaka 2015 walikuwa tayari wamechimba mitaro hadi vijijini.

Sasa, uzi mmoja wa faiba una kiini chenye upana wa maikromita 9 hivi. Unywele wako ni mnene mara kadhaa. Katika kiini hicho, kwenye dirisha la nuru linaloanzia nanometa 1,530 hadi 1,565, ukipanga chaneli kwa nafasi ya gigahezi 50 unapata zaidi ya chaneli 80. Themanini na ushee! Kila moja ni leza yake, na rangi yake, na mzigo wake wa miamala, simu, mechi na picha za harusi. Jicho halioni hata moja, maana zote ziko ng'ambo ya wekundu wa mwisho tunaouona. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano umezipa anwani: hesabu inaanzia terahezi 193.1, ambayo ni nanometa 1,552.52, kisha unapanda na kushuka kwa hatua zilizokubaliwa dunia nzima. Kati ya chaneli na jirani yake kuna nanometa 0.4 tu. Sehemu nne za kumi za milioni moja ya milimita!

Halafu mtu mmoja huko nyuma akakaa akafikiri: nataka kifaa kitakachopitisha moja tu kati ya hizo na kuzizuia nyingine zote, na kesho nikibadili mawazo kipitishe nyingine bila kununua kipya. Hapo ndipo ninapovua kofia. Kichujio cha kudumu, kilichofungwa kwenye rangi moja, ni kazi nzuri. Cha kugeuza ni uchawi wenye hesabu.

Jaribio langu ni la kimaskini na ninajivunia. Nina moduli mbili za leza za kuchomeka, zile zilizoondolewa mitamboni baada ya mitambo kuboreshwa, moja ya nanometa 1,550.12 na nyingine ya 1,549.32. Kila moja inapata umeme kutoka kwenye kisanduku kidogo cha kubadilisha waya wa mtandao kuwa faiba. Nimeziunganisha kwa kigawanya mwanga cha kawaida, kile wanachotumia mafundi wa faiba za nyumbani, nikakitumia kinyumenyume: mbili zinaingia, moja inatoka. Kutoka hapo naingia kwenye kichujio, kutoka kichujio naingia kwenye mita ya nguvu ya mwanga. Basi. Mita haijui rangi, inajua wingi tu, kwa hiyo ukigeuza skrubu polepole unaona namba inapanda, inafika kileleni, inashuka bondeni, inapanda tena. Vilele viwili. Nikazima leza moja kuhakikisha: kilele chake kikatoweka, kingine kikabaki palepale. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Ndani ya kichujio cha aina hii kuna kipande cha kioo kilichopakwa matabaka mengi membamba sana, ya aina mbili zinazopishana, na skrubu inakiinamisha. Kikiwa kimeikabili nuru uso kwa uso kinapitisha rangi ndefu kuliko zote kinazoziweza. Ukikiinamisha, rangi inayopita inasogea kwenda kwenye mawimbi mafupi. Hiyo tu! Skrubu, egemeo, kioo. Nani angedhani kwamba kuchagua kati ya njia 80 za mawasiliano ya kimataifa ni suala la kuinamisha kigae?

Lakini kwa nini matabaka yanachagua? Wasukuma wanaocheza ngoma wanalijua jibu kwa mikono yao. Watu mia wakipiga makofi kwa mpigo mmoja, sauti inavuka mto. Wakipishana hata kidogo tu, kila kofi linamezwa na jirani yake na unasikia vurugu isiyofika popote. Nuru inayorudi na kwenda kati ya nyuso za matabaka inapiga makofi yake namna hiyo. Wimbi ambalo urefu wake unaoana na nafasi iliyopo linajikuta linaungwa mkono na kila mwangwi wake, linapita. Wimbi lisilooana na mpigo linajifuta lenyewe na kurudishwa lilikotoka. Ukibadili nafasi, umebadili mpigo.

Wafaransa wawili wa Marseille, Charles Fabry na Alfred Perot, waliliweka jambo hili kwenye chombo mwishoni mwa karne ya 19: vioo viwili vinavyotazamana, basi. Ukisogeza kimoja kwa nusu ya urefu wa wimbi, kwa nuru yetu ya nanometa 1,550 ni nanometa 775, umeshapita duru nzima na rangi ileile inarudi kupita. Wakati wao hakukuwa na faiba wala intaneti, walikuwa wanapima nuru kwa ajili ya sayansi. Karibu miaka mia baadaye wahandisi wa mawasiliano wakaichukua jozi ileile ya vioo, wakaiminya kati ya ncha mbili za faiba, wakaweka kipande cha kauri kinachotanuka ukikipa volti, na wakapata kichujio kinachogeuzwa kwa umeme. Natamani nikishike kimoja. Nikikishika kelele zangu zitasikika hadi Ushirombo.

Kilichowasukuma wahandisi hao hasa ni kikuza mwanga cha erbiamu. Mwaka 1987 timu ya David Payne kule Southampton, Uingereza, na Emmanuel Desurvire na wenzake wa Bell Labs, Marekani, walionyesha kwamba faiba iliyotiwa erbiamu inaikuza nuru yenyewe, rangi zote kwa pamoja, bila kuigeuza kuwa umeme kwanza. Sherehe! Ila kikuza hicho kinatoa pia nuru yake isiyo na ujumbe, takataka iliyotandaa kwenye dirisha zima. Bila kuchuja, mpokeaji anakula takataka pamoja na chakula. Na kwa kuwa sasa chaneli nyingi ziliweza kusafiri umbali mrefu katika uzi mmoja, kila kituo kilihitaji kuchagua. Ndiyo maana ubunifu ulilipuka. Ila njia ninayoipenda kwa kichaa chake ilikuwepo hata kabla ya mlipuko huo: ni ile ya Stephen Harris na Richard Wallace wa Stanford, 1969, walioipitisha sauti ndani ya fuwele: badili noti ya sauti, umebadili rangi inayochaguliwa. Piga noti mbili kwa pamoja, unachagua rangi mbili!

Tuje kwenye kasoro, maana mapenzi hayajanitoa macho. Kwanza, kifaa hiki kina pleyi. Ukifika kwenye kilele ukigeuza kwa upande wa saa, ukapita kidogo, ukarudi, skrubu inazunguka bila kioo kusogea, na alama uliyoiandika haina maana tena. Dawa ni kuzoea kuikaribia kila chaneli kutoka upande mmoja. Pili, kipimo kilichochongwa kwenye skrubu ni cha milimita, si cha nanometa, kwa hiyo unahitaji jedwali, na jedwali la hiki lilishapotea kwa mwenye nacho wa kwanza. Ninaandika la kwangu kwa kalamu. Tatu, hata ukiwa kileleni kabisa kinakula desibeli mbili hivi. Zaidi ya theluthi ya nuru inaishia njiani! Faiba nzuri inapoteza takribani desibeli 0.2 kwa kilomita kwenye rangi hizi, maana yake kisanduku hiki kidogo kinakugharimu kilomita 10 za njia. Mpya dukani bei yake inaweza kupita ya pikipiki, na huwezi kupakia abiria.

Na vumbi. Ee Mungu, vumbi la Runzewe wakati wa kiangazi. Chembe moja ikikaa juu ya kiini cha maikromita 9 umemaliza siku ukilaumu kichujio kisicho na kosa. Kalamu ya kusafishia ncha ndiyo uwekezaji wa kwanza, kabla hata ya mita.

Kuna swali ambalo msomaji mjuaji ameshalishika mkononi: je, haya si mambo ya zamani? Mitambo mikubwa ya siku hizi inapokea kwa kuchanganya nuru iliyofika na nuru ya leza ya mpokeaji mwenyewe, kisha kompyuta inamalizia. Unachagua chaneli kwa kuirekebisha leza hiyo, kichujio kimemezwa. Ni kweli. Ila nenda kwenye kituo ambacho njia zinagawanyika, ambako rangi hizi zinashuka na zile zinaendelea, na utakuta mtu anachagua kwa nuru bado. Hapo ndipo kilipofika kizazi ambacho kwangu ndicho mfalme: ubao mdogo wa silikoni uliofunikwa fuwele kimiminika, wenye vitone vingi sana, kila kitone kikiichelewesha nuru kidogo kwa amri ya programu. Rangi zinatandazwa juu ya ubao, na programu inaamua kila rangi irudi kupitia mlango upi. Kampuni changa ya Engana ya Sydney, Australia, ndiyo iliyoupeleka ubao huo kwenye mitandao. Baadaye ikawa sehemu ya Finisar. Uzuri wake ni kwamba hata upana wa chaneli unaandikwa kwa programu. Mwaka 2012 kanuni za kimataifa zikalifuata wazo hilo na kuruhusu upana wa chaneli kupangwa kwa vipande vya gigahezi 12.5 badala ya visanduku vya ukubwa mmoja.

Kwa nini ujali hapa? Kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nzima ikapepesuka. Hakuna kichujio kinachounga waya uliokatika baharini. Lakini kwenye mtandao wenye vituo vinavyogeuzwa kwa programu, chaneli zinaweza kuhamishiwa njia iliyobaki na mtu aliyekaa kwenye kiti. Kwenye mtandao wa vichujio vya kudumu, lazima fundi apande gari, aende kituoni, achomoe, achomeke. Na barabara zetu unazijua masika.

Basi nilipofika hapo nikaacha kupitia kifaa cha watu nikaanza kuota changu. Kwa sababu kuna aina moja ya kichujio ambayo, nasema bila aibu, inaweza kutengenezwa ukanda huu. Mwaka 1978 Kenneth Hill na wenzake mjini Ottawa, Kanada, waligundua kwamba nuru kali ya leza inaweza kuacha michoro ya kudumu ndani ya kiini cha faiba yenyewe: mistari midogo inayojirudia, ambayo inaakisi rangi moja na kuziacha nyingine zipite. Faiba yenye michoro hiyo unaagiza ikiwa tayari. Kuichora hapa hatuwezi kwa sasa. Ila kuigeuza? Kuigeuza ni kuivuta tu! Ukiivuta, mistari inaachana, na rangi inasogea kwenda kwenye mawimbi marefu.

Fanya hesabu nami. Gandisha faiba yenye michoro kwenye nguzo mbili zilizoachana sentimita 10. Vuta nguzo moja kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Faiba imerefuka kwa sehemu moja ya elfu, na rangi imesogea takribani nanometa 1.2. Chaneli tatu za gigahezi 50! Sasa, skrubu ya kawaida ya M6 inasogea milimita moja kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo chaneli tatu ni sehemu moja ya kumi ya mzunguko.

Nikaenda kwa mzee anayechonga vipuri vya makarasha ya kusagia mawe na pampu za kuvutia maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Nikamsalimia, nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye mashine.

"Kwa hiyo mwanangu unataka kuvuta kitu bila kukikata."

"Ndiyo mzee. Na kisogee kidogo sana."

"Nikuchongee thredi ya nusu milimita. Na spring upande wa pili, iwe inasukuma muda wote. Hiyo inaua pleyi."

Inaua pleyi! Mzee hajawahi kuona nuru ya nanometa 1,550 (na hakuna aliyeiona), lakini kwa sentensi moja ameponya ugonjwa wa kifaa kilichotoka kiwandani. Hapo ndipo nilipoelewa ninachokipenda kwenye vichujio hivi. Fizikia yake imeshaandikwa, iko wazi kwa kila mtu. Kinachobaki, tangu vioo vya Fabry na Perot hadi leo, ni kusogeza kitu kidogo, kwa utulivu, na kikae pale ulipokiacha. Ni kazi ya mikono ya chuma, na ukanda huu una mikono ya chuma tangu enzi za Warongo, wahunzi waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye nchi hii hii ya Geita kabla ya dhahabu kuleta makarasha. Kila mji wa machimbo una mashine ya kuchongea. Wenzetu wa maabara kubwa wanatafuta fundi wa namna hiyo kwa tochi.

Tahadhari mbili za haraka kwa atakayejaribu. Joto ni adui. Faiba yenye michoro pekee inasogea kama pikomita 10 kwa kila nyuzi moja ya joto; ukiigandisha juu ya chuma, chuma kinatanuka zaidi ya kioo na kuivuta bila ruhusa, na unafika kwenye pikomita 24 hivi. Nyuzi 10 za joto kati ya asubuhi na mchana wa Runzewe zimekuhamisha zaidi ya nusu ya nafasi ya chaneli. Weka kivulini, au tafuta fremu ya kitu kisichotanuka sana. Na usiwe na tamaa ya kuvuta: viwandani faiba hujaribiwa kwa kuvutwa karibu asilimia 1, lakini pale ilipochorwa mara nyingi imevuliwa koti lake na haina nguvu ileile. Mimi nitaishia asilimia 0.3, ambayo bado inanipa chaneli tisa. Tisa!

Halafu raha ya ziada: kichujio kinachosogea kikivutwa ni mizani pia. Ifunge faiba hiyohiyo kwenye nguzo ya daraja au kwenye mwamba, na rangi inayorudi inakuambia mwamba umesogea kiasi gani, bila umeme kwenye ncha ile. Duniani wanazitumia hivyo kwenye madaraja na migodini. Nimewaza matimba, ile miti inayoshikilia maduara yetu. Lakini hilo ni andiko jingine, na kwanza mzee amalize thredi yangu.

Kwa atakayeagiza cha kwake, kiwe cha dukani au faiba yenye michoro: taja kichwa chenye ncha iliyokatwa kwa nyuzi 8, kile cha kijani, na usikikutanishe kamwe na cha bluu, vitakwaruzana na vyote vitaharibika. Uliza upana wa rangi inayopita, usikubali zaidi ya nusu nanometa kama unataka kutenganisha chaneli za gigahezi 100. Omba jedwali la kipimo, hata kama ni picha ya simu. Leza za masafa ya kilomita 80 usiziunganishe moja kwa moja na mpokeaji wake bila kipunguza mwanga, utamuunguza. Na faiba yenye michoro inaakisi, haipitishi, kwa hiyo utahitaji kizungusha nuru ili uipate rangi iliyorudi. Ukikosa, kigawanya mwanga kitafanya kazi, ila utapoteza robo tatu ya nuru kwa kwenda na kurudi. Kwa majaribio ya mezani, robo inatosha kabisa.